Namba ya Lemburis

Jumamosi asubuhi Koplo Msafiri alimkuta Lemburis ameketi vilevile alivyomwacha Alhamisi jioni: mgongo ukutani, magoti juu, mikono imening'inia. Mdomo wake wa chini ulikuwa umevimba upande mmoja. Uvimbe ule ulikuwa kazi ya Msafiri. Alimpiga kofi moja tu siku ya kumkamata, lakini mkono ulikuwa na pete.

"Umekula?"

"Nimekula, afande."

Bakuli la uji lilikuwa pembeni, limejaa, juu limefanya ngozi. Msafiri alilitazama. Alivuta kibao akaketi mbele yake.

"Fundi Sefu hajaamka. Daktari anasema huenda akaamka, huenda asiamke. Jumatatu saa tatu unasimama mbele ya hakimu kwa kosa la kujeruhi. Mzee akifa kabla ya hapo, kosa linabadilika. Unajua linakuwa kosa gani?"

"Najua."

"Na adhabu yake unaijua."

"Naijua, afande."

"Basi nisaidie. Alhamisi saa kumi ulikwenda dukani kwake kufanya nini?"

"Kumsalimu. Nilitoka kazini Olmotonyi, nikapita."

"Ukamkutaje?"

"Ameanguka chini ya meza. Damu."

"Kabla hujaingia, nani alitoka?"

Lemburis akatazama sakafu. Maswali mengine yote aliyajibu upesi. Kwenye hili peke yake alikuwa akikwama, tangu siku ya kwanza.

"Sikuona mtu wa kumtaja."

"Siku ya soko, barabara ya soko, saa kumi ya jioni. Hukuona mtu?"

"Sikuona mtu wa kumtaja, afande."

Msafiri akainuka. Mlangoni aligeuka akamwambia askari wa zamu alete maji ya moto na chumvi, kijana akande mdomo. Askari akamwangalia kwa mshangao.

"Tangu lini mahabusu anakandwa, Koplo?"

"Tangu leo."

Ofisini, Bwana Inspekta alikuwa amekwisha kufunga jalada na kamba. Aliliweka mkononi mwa Msafiri akasema, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, kwamba shauri hili ni jepesi kama maji. Fimbo ya Lemburis imekutwa dukani. Watu wawili wamemwona akitoka mbio. Ukurasa wake umechanwa kwenye daftari la drafti la Fundi Sefu. Sababu ipo. Nini zaidi?

Maneno yale yalikuwa ya Msafiri mwenyewe. Aliyaandika Alhamisi usiku kwa haraka, akiwa na njaa. Mzungu yule aliyatia saini tu.

"Naomba siku mbili, Bwana. Nataka kulisoma lile daftari."

"Daftari la mchezo?"

"Ndiyo, Bwana."

Bwana Inspekta akacheka. "Soma. Jumatatu saa tatu."

Kwanza alikwenda hospitali.

Fundi Sefu bin Omari, mtengenezaji saa, alilala chali, kichwa kimefungwa bendeji hadi kwenye nyusi. Mkewe, Bibi Arafa, aliketi kwenye mkeka kando ya kitanda, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwangalia au umekuja kuniuliza?"

"Yote mawili. Kuna saa ya dhahabu ya Bwana mmoja wa mashamba ya kahawa. Ilikuwa kwake kwa matengenezo. Dukani haipo. Huenda aliyempiga alikuwa mwizi."

Bibi Arafa akafungua pindo la kanga yake. Saa ilikuwa mle, inatembea.

"Ilikuwa mfukoni mwa kanzu. Walipomvua hapa hospitali walinipa mimi. Mwizi gani anaacha dhahabu mfukoni?"

Msafiri akaipokea, akaandika hati, akaitia kwenye bahasha. Njia moja ikawa imezibwa.

"Nani alikuletea habari kwamba mzee ameanguka?"

"Sauti. Nilikuwa uani nafua. Kijana akasema nyuma ya ua, 'Shikamoo mama, kimbia dukani, mzee ameanguka, anatoka damu.' Nilipofungua nikaona kisogo tu."

"Alisema shikamoo?"

"Alisema. Tena akangoja niitikie. Nilipoitikia ndipo akaendelea." Akageuza punje ya tasbihi. "Sasa wewe uliyesoma, niambie. Mtu anampasua mume wangu kichwa, halafu anakuja kuniamkia mimi?"

Msafiri aliandika maneno yale kama yalivyosemwa.

"Kwa kawaida saa kumi mzee huwa peke yake dukani?"

Mama yule akaikunja tasbihi kiganjani. "Saa kumi kasoro huwa nampelekea chakula. Kila siku, miaka ishirini na mbili. Alhamisi sikupeleka. Asubuhi tuligombana kwa ajili ya hilo daftari. Nilimwambia, saa za watu zimelala mezani, wewe unapima watu. Akaondoka bila chai, nami nikanuna." Akaivuta shuka ikamfunika mgonjwa mguu uliokuwa umefunikwa tayari. "Ningepeleka, ningemkuta huyo mtu. Au asingethubutu. Kila nikifumba macho naliona lile bakuli la chakula nililoliacha jikoni."

"Si kosa lako, mama."

"Hilo wewe hulijui," akasema Bibi Arafa.

Daftari lilikuwa la jalada jeusi, refu kama la karani wa ghala. Msafiri alilifungua mezani kwake, akaweka karatasi nyeupe pembeni.

Yeye mwenyewe alikuwa mle, ukurasa wa kumi na nne. Wachezaji wote wa drafti wa Arusha walikuwa mle, watu ishirini na mmoja, wa mjini na wa mlimani, waliokutana Jumamosi na Jumapili nyuma ya duka la Fundi Sefu. Zamani kila mtu alijiita bingwa, na kila Jumamosi kulikuwa na ugomvi. Ndipo Fundi Sefu, mtu wa vipimo, akaleta utaratibu wake. Kila mchezaji alianza na mia tano. Wakicheza wawili walio sawa, mshindi anamnyang'anya mwenzake kumi. Aliye juu kwa mia moja akimshinda wa chini, anapata saba tu, maana hakufanya ajabu. Lakini wa chini akimwangusha wa juu, anapata kumi na tatu. Pengo likiwa kubwa zaidi, ushindi wa mkubwa unapungua na wa mdogo unaongezeka. Hakuna namba iliyozaliwa wala iliyokufa; zilihama tu kutoka kwa mtu hadi kwa mtu.

"Mdomo unadanganya," Fundi Sefu alikuwa akisema. "Namba haijui kudanganya. Haikuulizi una miaka mingapi wala ng'ombe wangapi. Inauliza: nani alimshinda nani?"

Watu walicheka, kisha wakaanza kuogopa namba zao. Msafiri aliwahi kukosa usingizi aliposhuka chini ya mia nne na hamsini.

Mwezi ule wa mvua, wanne wa juu walikuwa waende Moshi kugombea kombe. Wa kwanza alikuwa Mzee Eliasi wa upande wa Wameru, mzee wa kanisa na mkulima wa kahawa, namba mia sita sitini na moja. Wa nne alikuwa mchinja nyama wa sokoni, mia sita na tano. Lemburis alikuwa wa tano, mia tano na themanini. Hiyo ndiyo sababu Msafiri aliyoiandika Alhamisi: kijana amekosa safari kwa nafasi moja, akakasirika, akampiga mpima namba, akachana ukurasa wake.

Ukurasa wa Lemburis haukuwapo. Zilibaki nyuzi za karatasi kwenye mshono.

Msafiri alikaa akizitazama zile nyuzi. Kisha akafungua ukurasa wake mwenyewe. Mwezi wa pili, tarehe kumi na moja: *Msafiri na Lemburis, Lemburis ameshinda, Msafiri ametoa nane.* Akapiga meza kwa kiganja.

Kila mchezo uliandikwa mara mbili. Mara moja kwa mshindi, mara moja kwa mshindwa. Aliyechana ukurasa wa Lemburis alichana nusu tu ya habari. Nusu nyingine ilikuwa imetawanyika kwenye kurasa ishirini za wenzake.

Alianza ukurasa wa kwanza. Kila alipokuta jina la Lemburis alilihamisha kwenye karatasi nyeupe: tarehe, mpinzani, nani alishinda, namba ngapi zilihama. Saa saba ikapita. Askari wa zamu akamletea chai, ikapoa. Saa tisa alikuwa na ukurasa mzima wa Lemburis mbele yake, umefufuka kwa mwandiko mwingine.

Michezo thelathini na saba. Alipigia mstari aliyoshindwa. Ilikuwa kumi na mmoja. Miwili alishindwa na mchinja nyama. Tisa iliyobaki alishindwa na mtu mmoja.

Eliasi. Eliasi. Eliasi. Mara tisa walicheza, mara tisa Lemburis alishindwa.

Akafungua ukurasa wa Eliasi. Mzee yule alikuwa amepigwa na mchinja nyama mara nne, na fundi cherehani mara tatu, hata na Fundi Sefu mwenyewe mara mbili. Wote hao, ukiacha ile miwili ya mchinja nyama, Lemburis aliwapiga kama watoto. Mtu anayewapiga wanaompiga Eliasi, kwa nini asimpige Eliasi hata mara moja?

Akafanya hesabu ya haraka. Ile michezo tisa ilikuwa imehamisha namba tisini na tisa kutoka kwa kijana kwenda kwa mzee. Akizirudisha, Lemburis ana mia sita sabini na tisa. Wa kwanza. Eliasi ana mia tano sitini na mbili, na Moshi haendi.

Msafiri aliweka kalamu chini. Huenda mzee alimnunua kijana. Huenda kijana alimwogopa. Lakini si kwa sababu ya uzee, maana Fundi Sefu alikuwa na miaka sitini, na Lemburis alimshinda mara tano huku akimwita baba. Wala hakuona sababu ya dini, wala ya shamba.

Hakuielewa ile tisa. Yeye alikuwa mtu wa Kondoa, amekuja Arusha na kazi. Alihitaji mtu wa hapa.

Mama yake Lemburis aliitwa Simaloi. Aliuza maziwa Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, vibuyu vyake vimepangwa juu ya ubao. Alimwona Msafiri akishuka kwenye baiskeli, akaendelea kumpimia mteja mpaka akamaliza.

"Wewe ndiye uliyempiga mwanangu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Na shikamoo umeiacha kituoni?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye jiwe nikutukane vizuri."

Msafiri akakaa. Alitukanwa. Alielezwa kwamba mkono wake ni wa fisi, kwamba aliyempa pete ile hakuwa na akili, na kwamba mtoto wake hajawahi kupigwa na mtu asiyemjua hata jina la babu yake. Wateja wawili walisimama kusikiliza wakisahau maziwa. Alipomaliza, mama Simaloi akamimina kikombe akampa.

"Kunywa. Matusi yanakausha koo la anayetukanwa pia."

Akanywa. "Mama, nimekuja kwa swali moja. Lemburis anamjua Mzee Eliasi, wa upande wa Wameru?"

"Eliasi? Anamjuaje asimjue? Ni baba yake."

Msafiri akakishusha kikombe. "Baba yake si amekufa?"

"Amekufa aliyemzaa. Eliasi na marehemu ni rika moja. Walitahiriwa msimu mmoja, ingawa mmoja ni Mmeru na mmoja ni wa kabila letu. Rika la baba yako ni baba zako. Nyinyi watu wa mjini hamna hilo?"

"Na mtoto akicheza mchezo na baba wa namna hiyo, mbele za watu?"

"Mchezo gani?"

"Wa kushindana. Mmoja anashinda, mmoja anaaibika."

Mama Simaloi akacheka kwa mara ya kwanza. "Amwaibishe baba yake mbele za watu? Ataoga maji gani yamtoe hiyo laana? Ataangusha mchezo, na ataangusha kwa adabu, mzee asione."

"Lakini Fundi Sefu ni mzee pia, na anamshinda."

"Sefu ni mzee wa watu. Hakuingia jandoni na mume wangu."

Jambo hilo alilolijua kila muuza maziwa wa Sakina halikuwamo kwenye daftari. Fundi Sefu, mtu wa pwani, alikuwa amejenga mizani inayoamini kwamba kila mtu anacheza ili ashinde.

Msafiri akauliza polepole. "Na kama mtoto amemwona baba wa namna hiyo akifanya jambo baya? Akiulizwa na serikali?"

Mama yule akaacha kucheka. Alifunga kibuyu kwa kizibo chake, akakaza.

"Hatamtaja," akasema. "Mtamnyonga, na hatamtaja." Kisha akamshika Msafiri mkono uleule wenye pete. "Mwanangu, usiniulize zaidi. Na mimi nimeshakuambia nisichopaswa."

Jumapili asubuhi ukungu ulikuwa umeufunika Mlima Meru hadi kwenye mashamba ya migomba. Msafiri aliliacha gari la polisi barabarani, akapanda kwa miguu mpaka kwenye kanisa la bati. Yeye ni Mwislamu. Alisimama nje, chini ya upenu, pamoja na akina mama wenye watoto wanaolia.

Alikuwa amejiandaa kungoja mpaka mwisho. Haikuwa lazima. Waumini walipoanza kuinuka safu kwa safu kwenda kupokea Chakula cha Bwana, mlango wa pembeni ulifunguka, akatoka mzee mrefu mwenye koti jeusi. Alikwenda akasimama kwenye mibuni, mgongo kwa kanisa.

"Shikamoo, Mzee Eliasi."

Mzee akashtuka. "Marahaba. Ah, Koplo. Umepotea njia?"

"Wenzako wanaingia mezani, wewe unatoka?"

"Tumbo," akasema Mzee Eliasi. "Tangu juzi linanisumbua."

"Tangu Alhamisi?"

Mzee akachuma jani la mbuni akalikunja. Kwa kawaida mzee wa kanisa ndiye hushika kikapu na kuwaongoza watu. Akina mama chini ya upenu walikuwa wameshamwona, na walikuwa wakinong'ona. Kwa Walutheri wa mlimani, mtu mzima anayekwepa meza ile hana haja ya kuulizwa kama ana jambo. Anaulizwa tu ana jambo na nani.

"Nimekuja kuomba msaada," Msafiri akasema. "Bwana Inspekta anaamini namba ya Lemburis. Mimi nina wasiwasi nayo. Namtaka mchezaji wa kumpima. Wa kwanza kwa namba ni wewe."

"Unipeleke kituoni?"

"Kucheza drafti tu, mzee. Nitakurudisha kwa gari."

Mzee Eliasi alitazama mlango wa kanisa, kisha akatazama gari. Walivuka mto Themi. Hapo akauliza, "Sefu ameamka?"

"Bado."

"Mungu amsaidie," akasema mzee, akageukia dirisha.

Ubao wa drafti uliwekwa juu ya sanduku katika chumba cha mahojiano. Vizibo vya soda vilikuwa vya Lemburis, vya bia vya Mzee Eliasi. Kijana alipoingizwa na kumwona nani ameketi, aliinama, akanyoosha kichwa mbele kama mtoto anayemwamkia mzazi. Mzee akamgusa utosini.

"Sikilizeni," Msafiri akasema. "Lemburis, shauri lako limesimama juu ya namba. Serikali inasema wewe ni wa tano, ulikosa safari kwa haki, ukakasirika. Mchezo ni mmoja. Ukimshinda mzee hapa, mbele yangu, naandika kwamba namba yako ilikuwa ya uongo, kwamba nafasi ya Moshi uliiacha mwenyewe na hasira hukuwa nayo, na kesho hakimu atalisoma hilo. Ukishindwa, namba ni ya kweli, unakwenda nayo kama ilivyo. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande."

"Mzee, umeelewa?"

Mzee Eliasi akaitikia kwa kichwa.

Walicheza. Msafiri hakuuangalia sana ubao, alimwangalia mzee. Mwanzoni kete zilikwenda haraka. Lemburis alicheza vizuri, kwa mkono mwepesi, na kwa dakika chache ilionekana kama anataka kuishi. Kete za mzee zilianza kubanwa upande wa kushoto. Jasho likamtoka mzee kwenye paji, ingawa chumba kilikuwa na baridi.

Kisha kosa likaja. Mzee alisogeza kete vibaya, akaacha njia mbili. Katika drafti kula ni lazima, lakini kukiwa na njia mbili, mlaji huchagua. Kulia, Lemburis angekula tatu mfululizo na kuingia kingi, kule mwisho wa ubao, na mchezo ungekwisha. Kushoto angekula moja, naye angeliwa mbili. Hata Msafiri, mchezaji wa chini, aliliona hilo.

Mkono wa Lemburis ulisimama juu ya ubao.

Kijana akala kushoto. Kete moja. Akaiweka pembeni taratibu, akarudisha mikono magotini.

"Kula huku," mzee akasema kwa sauti ndogo.

"Nimeshakula, baba."

"Nakuambia rudisha. Kula huku, tatu."

"Sikuziona, baba."

"Uliziona!" Mzee akaupiga ubao, vizibo vikaruka sakafuni. "Uliziona, Lemburis! Kesho wanakupeleka kwa hakimu, na bado unaniachia?"

Lemburis akainama kuokota vizibo. Mzee Eliasi alimtazama akitambaa sakafuni na ule mdomo uliovimba. Kisha akavua kofia, akaiweka juu ya ubao mtupu.

"Koplo, una karatasi?"

"Ninayo."

"Andika. Alhamisi Sefu aliniita. Alikuwa ameweka wino mwekundu kwenye ukurasa wa huyu mtoto, mahali tisa. Akaniambia, 'Mzee, hizi nazifuta. Huyu hashindwi, anakuachia. Namba zikidanganya, mizani yangu ya kazi gani?' Nikamwomba azifute baada ya Moshi. Kanisani walikuwa wameshatangaza kwamba nakwenda. Wajukuu wangu wanaijua ile namba kama jina lao. Akakataa. Nikauchana ule ukurasa. Akanishika koti, nikamsukuma. Kichwa kikagonga kona ya jiliwa, kile chuma cha kubania kilichofungwa mezani."

"Ukafanya nini?"

"Nikatoka. Sikumwinua. Mlangoni nikapishana na huyu. Aliona karatasi mkononi mwangu, aliona na mtu chini. Akaniambia shikamoo." Mzee alifuta uso kwa kiganja. "Nikaitikia marahaba, nikaenda zangu."

Kalamu ya Msafiri ilikwaruza. Nje askari alikuwa akipiga mluzi, akanyamaza.

"Niliposikia mmemkamata, nikasema atanitaja, nami nitakiri. Siku ya kwanza hakunitaja. Ya pili hakunitaja. Kila alivyonyamaza, nami nikazidi kungoja."

"Ulijua kwa nini hakutaji?"

"Nilijua. Andika hilo pia. Usiandike kwamba Sefu ndiye aliyenifumbua macho. Mchezo wa kwanza nilidhani nimeshinda. Wa pili nilidhani ni bahati. Wa tatu nilijua kwamba ananiachia kwa sababu ya baba yake, na nikaendelea kumwita mezani. Mara sita zaidi. Nilijua kila mara. Nilikuwa naipenda ile namba."

Msafiri aliandika. Alipofika mwisho wa mstari, Lemburis alisimama, vizibo vimejaa kiganjani.

"Afande, usiandike. Mzee anasema uongo."

"Kaa chini, Lemburis."

"Anasema uongo kunihurumia. Mimi ndiye niliyemsukuma Fundi Sefu. Nilikasirika kwa ajili ya Moshi, kama ulivyosema. Futa yake, andika yangu."

Msafiri akainua kalamu. Aliwatazama wote wawili. Mbele ya hakimu, maungamo mawili ni sawa na kukosa hata moja, na kijana ndiye aliyekuwa na fimbo dukani.

Mzee Eliasi akageuka kwenye kiti. Mara hii hakuinua sauti.

"Lemburis. Mimi ni nani kwako?"

"Ni baba."

"Basi nyamaza."

Kijana akamimina vizibo kando ya kofia. Akakaa chini.

"Endelea, Koplo," mzee akasema. "Hatasema tena."

Msafiri akachovya kalamu.